Mlishe nyenje kwanza, ndipo umlishe kinyonga

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Leicester, Uingereza. Mwanangu wa miaka 12 aliomba kinyonga mwaka mzima, mwishowe baba yake akamnunulia mdogo wa Yemen, yule mwenye kishungi kichwani. Dukani walisema ana wiki kumi, na sasa ana wiki tatu nyumbani kwetu. Tumemweka kwenye tangi la kioo karibu na dirisha apate jua, tuna taa nyekundu ya joto, bakuli la maji, na kila siku tunampa nyenje watano pamoja na wale funza wanaouzwa kwenye kopo. Wiki ya kwanza alikula vizuri. Sasa anakula wawili watatu tu, na juzi niliona ulimi unatoka lakini haumfikii mdudu. Ale nini, kiasi gani, mara ngapi? Na ule unga mweupe wanaouza dukani ni lazima, au ni biashara tu?

JIBU: Marahaba mama. Nimefurahi hukusubiri, maana kwa kinyonga wa umri huo wiki moja ni muda mrefu.

Nianze na ulimi, kwa kuwa ndio uliokutia wasiwasi, na wasiwasi wako ni wa haki. Ndani ya ulimi wa kinyonga kuna kijiti chembamba kigumu, na kuna msuli uliokizunguka pande zote. Msuli ule ukibana, unavuta tabaka za nyuzinyuzi zilizo katikati mpaka zikakazwa, sawa na mtoto anavyovuta mpira wa manati. Kisha zinafyatuka, ulimi unaruka. Mwaka 2016 Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alichapisha vipimo vya ndimi za vinyonga wa spishi nyingi, na aliyewapita wote kwa kasi ya kufyatua alikuwa mdogo mno, Rhampholeon spinosus wa milima ya Usambara. Ulimi wake ulifika mara mbili na nusu ya urefu wa mwili wake. Mimi nilikulia Lushoto, ambako tulikuwa tunakutana na vinyonga kwenye ua tukienda shule, na habari ile ilinifurahisha sana.

Sasa basi, msuli wowote ili ubane unahitaji kalsiamu. Kalsiamu ya damuni ikishuka, manati haivutiki mpaka mwisho, na ulimi unaishia njiani. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo mwenye kinyonga anaiona, kabla miguu haijaanza kupinda. Kiu kali nayo inaweza kuleta hali hiyo hiyo, na kwa jinsi ulivyoeleza makao yake, sishangai kama yote mawili yapo. Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja: tafuta daktari wa wanyama anayetibu reptilia, umpeleke ndani ya wiki hii, na anza kurekebisha haya ninayokuandikia leo hii bila kungoja siku ya miadi.

Unga mweupe si biashara tu. Ni lazima. Lakini unga peke yake hautamwokoa, na hapa ndipo familia nyingi zinapokwama.

Mwili wa kinyonga hauwezi kuichukua kalsiamu kutoka tumboni bila vitamini D3, na vitamini hiyo anaitengeneza mwenyewe ngozini akipigwa na miale ya UVB ya jua. Dirisha lenu linapitisha mwanga na joto, lakini miale ya UVB kioo kinaizuia. Yaani kinyonga wenu amekaa wiki tatu karibu na jua bila kulipata. Ile taa nyekundu nayo inatoa joto tupu. Unaweza kumpa kalsiamu kijiko kizima, itapita tumboni na kutoka nje. Mwili ukikosa ya kula unaanza kuichota ile iliyomo mifupani, na mifupa ya mtoto anayekua inalainika. Wazee wetu wanayajua matege ya watoto wa binadamu. Haya ni yale yale, ila kwa kinyonga yanakuja haraka zaidi.

Nunua taa ya UVB ya mrija mrefu, aina ya T5, yenye nguvu ya asilimia 6 au iliyoandikwa 5.0. Hizi balbu ndogo za kuzungusha kama za mezani ziache. Iweke juu ya wavu, nje ya kizimba, na tawi lake la juu liwe chini ya taa kwa kiasi cha sentimita 20 hadi 25, bila kioo wala plastiki katikati. Iwake saa 12 kwa siku. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu juu ya mrija wenyewe, kwa sababu UVB inafifia miezi mingi kabla mwanga unaoonekana haujafifia. Wengi tunabadilisha kila mwaka hata kama bado inawaka. Kwa joto, tumia balbu nyeupe ya kawaida juu ya tawi moja, upime hapo nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi. Usiku taa zote zizimwe. Nyumba yenu ikibaki na nyuzi 18 au zaidi, inamtosha. Na mkipata nafasi, mhamisheni kutoka tangi la kioo kwenda kizimba cha wavu. Kwenye kioo anajiona mwenyewe, anadhani ni mpinzani, na kinyonga mwenye hofu hali.

Tuje kwenye chakula chenyewe.

Nyenje unayemnunua dukani amekaa siku kadhaa kwenye kisanduku akitafuna karatasi na pumba. Ukimtoa humo ukampa kinyonga moja kwa moja, umempa ganda lenye njaa. Zaidi ya hapo, mwili wa nyenje kwa asili una fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa zaidi, ilhali mnyama anayekua anahitaji kinyume chake, kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Porini kinyonga anakula nzi, nyuki, panzi, viwavi, kila mmoja akiwa ameshiba majani au chavua tofauti. Nyumbani anakula aina moja kila siku. Kwa hiyo ukitaka kumlisha kinyonga, mlishe nyenje kwanza, saa 24 hadi 48 kabla.

Chukua sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa lililofunikwa wavu, weka humo vipande vya trei za mayai wapate kujificha, na uwape nyenje mboga. Sukuma wiki mnayopika wenyewe ni nzuri mno, ina kalsiamu ya kutosha. Ongeza karoti iliyoparuzwa, kipande cha boga, kiazi kitamu, kipande cha chungwa. Kama una majani ya mlonge yaliyokaushwa, nyunyiza kidogo. Mchicha na spinachi usizifanye chakula cha kila siku, zina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike. Maji ya bakuli nyenje wanazama, basi wanyonye kwenye karoti na chungwa. Toa mabaki kila siku yasiote ukungu. Mwachie kijana wako kazi hii. Nimeona watoto wengi ambao walichoka kumtazama kinyonga baada ya mwezi, lakini aliyepewa shamba la nyenje la kulitunza hakuchoka.

Kuhusu ukubwa wa mdudu, kipimo ni kichwa cha kinyonga mwenyewe: mdudu asiwe mrefu kuliko upana wa kichwa chake kati ya jicho na jicho. Kwa wa wiki 13 inakuwa nyenje wa milimita 5 au 6 hivi, wale ambao dukani wanawaita wadogo, si wa kati. Mdudu mkubwa anamtisha, na akimmeza anaweza kumkwama.

Kiasi nacho uliniuliza, na jibu langu litakushangaza: watano ni wachache mno. Kinyonga wa Yemen wa umri huo anakula kila siku, na anakula sana, nyenje wadogo 10 hadi 20 kwa siku ukiwagawa mara mbili. Lakini usiishike namba hiyo kama dozi ya dawa. Mpe wanne watano kwa mkupuo, mwangalie, ongeza, na baada ya robo saa akiwa amegeuka na kuanza kutembea, amemaliza. Mlo wa kwanza uwe asubuhi, saa moja au mbili baada ya taa kuwashwa, akiwa ameshapata joto. Wa pili uwe mchana, usiwe jioni. Akilala na tumbo limejaa huku joto limeshuka, chakula hakisagiki.

Wanaobaki watoe. Nyenje wenye njaa usiku humng'ata kinyonga aliyelala, miguuni na hata pembeni mwa macho, na nimeshatibu vidonda hivyo zaidi ya mara moja. Njia nzuri ni kikombe cha plastiki kirefu kiasi, kilichofungwa kwenye tawi kwa mshipi, pembeni mwake kukiwa na kipande cha wavu ambacho nyenje atapanda aonekane. Kinyonga anatafuta kinachotembea. Mdudu aliyetulia chini ya kikombe laini, kwake hayupo.

Wale funza wa kwenye kopo wapunguze. Ngozi yao ni ngumu, mafuta yao ni mengi, kalsiamu yao ni ndogo. Mmoja wawili kwa wiki si neno. Badala yao tafuta funza lishe, wale wa nzi mweusi ambao nyumbani siku hizi watu wanawafuga kulishia kuku na samaki. Huko Uingereza maduka ya reptilia wanawauza pia. Hao kwa asili wana kalsiamu nyingi, tofauti na karibu wadudu wengine wote. Nzige wadogo wachanga nao ni wazuri, hawaruki ovyo kama nyenje na wanapanda juu ambako kinyonga anawaona. Nzi wa matunda wasioruka walimfaa alipokuwa wa mwezi mmoja, sasa ni wadogo kwake, ingawa akigoma kula wanaweza kumwamsha hamu. Na vile viwavi vinene vyeupe vinavyotoka kwenye mizinga ya nyuki, vile ni peremende.

Wadudu wa bustanini usimpe. Hujui jirani alipulizia nini. Kimulimuli hasa asikaribie kizimba kabisa: ana sumu ambayo imeua mijusi ya kufugwa, na mmoja tu anatosha.

Sasa unga. Utahitaji makopo mawili. La kwanza ni kalsiamu tupu, isiyo na D3 wala fosforasi. Huu unautumia karibu kila siku kwenye mlo mmoja. Tia nyenje kwenye mfuko wa plastiki au kikombe chenye mfuniko, nyunyiza unga kidogo sana, tikisa mara mbili tatu. Watoke wamepauka kama miguu iliyopita kwenye vumbi, wasiwe weupe kama mandazi yaliyovingirishwa kwenye sukari. Unga ukizidi, kinyonga anaukataa. Kisha wape hapo hapo, kwa sababu nyenje hujipangusa, na baada ya muda mfupi unga wote uko sakafuni.

Kopo la pili ni mchanganyiko wa vitamini wenye D3 na vitamini A iliyo tayari, ile inayoandikwa retinoli. Huu ni mara mbili kwa mwezi tu, na mimi huwaambia watu waweke tarehe 1 na tarehe 15 ili wasisahau wala wasizidishe. D3 na vitamini A zikizidi hazitoki na mkojo, zinajilimbikiza mwilini na kuumiza figo na ini. Nimeona kinyonga aliyepewa vitamini kila siku kwa mapenzi mema kabisa, akavimba shingo na kope. Siku hiyo ya vitamini usitie ule unga wa kwanza.

Ratiba hii ni ya kinyonga wa Yemen, tena anayepata taa nzuri. Msomaji mwenye kinyonga wa Jackson wa nyanda za juu za Kenya, yule wa pembe tatu, asiifuate hivi. Huyo anaishi baridini, anakua polepole, na kiasi hiki cha unga kwake ni kingi.

Bakuli la maji liondoe. Mnyama huyu hayatambui maji yaliyotuama, anayatambua yanapong'aa na kudondoka juu ya jani. Katika majangwa ya Arabuni anaishi kwenye mabonde na miteremko inayopata ukungu na umande, na alfajiri analamba matone. Mletee alfajiri hiyo: nyunyizia majani maji kwa chupa ya kupulizia iliyo safi, dakika moja mbili, asubuhi kabla ya taa kuwaka na tena jioni, halafu mchana mpangie chupa iliyotobolewa kwa sindano idondoshe tone tone juu ya jani. Kati ya vipindi hivyo acha kizimba kikauke. Utajua kama anapata maji kwa kuangalia kinyesi chake. Ile sehemu inayotoka pamoja na choo, ambayo ndiyo mkojo wake, iwe nyeupe. Ikiwa ya manjano iliyokolea au rangi ya chungwa, ana kiu. Kinyonga mwenye kiu anaacha kula, na ulimi wake unapoteza ule utelezi na unato wa kumshika mdudu, kwa hiyo usije ukahangaika na chakula wakati kinachokosekana ni maji.

Ndani ya kizimba weka mimea halisi. Kinyonga wa Yemen, tofauti na wenzake wengi, hutafuna majani, hasa akikua, basi panda yasiyo na sumu. Haibiskasi ni nzuri, na akila ua lake furahi. Ukimning'inizia jani la sukuma wiki ataligusa au hataligusa, vyote ni sawa. Ila mboga haichukui nafasi ya wadudu, hasa kwa mtoto.

Kuna kugoma kula ambako si ugonjwa. Akijibambua ngozi, siku moja mbili hataki kitu. Akihamishwa makao, anaweza kunyamaza siku tatu nne, na mtakapombadilishia kizimba litatokea hilo. Watu wakimkodolea macho, hali. Nakuomba uongee na mwanao taratibu juu ya hili, kwa sababu najua hamu ya mtoto aliyengoja mwaka mzima: kwa wiki mbili hizi asimshike, aweke chakula, aondoke, achungulie kwa mbali. Kinyonga hafurahii kubebwa, anavumilia tu.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji miadi. Akifumba macho mchana. Akishindwa kushika tawi, au akitembea kwa viwiko badala ya kuinua mwili. Akitetemeka mikono. Taya likibonyea au likikaa upande. Mkono ukipinda pasipo kiungo. Ukiona mojawapo mpeleke siku hiyo hiyo, ndani ya kisanduku kidogo chenye kitambaa na kijiti cha kushika, kwa sababu hapo anahitaji kalsiamu ya maji na dawa ambazo kipimo chake hupangwa kwa gramu za uzito wake. Na tafadhali usimpanue mdomo kwa nguvu umlishe. Taya lililolainika linavunjika kwa kidole cha mtu mpole.

Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja. Kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula, weka kijiti juu ya mizani, rudisha sifuri, mwache apande, andika namba. Mtoto wa umri huu anapaswa kuongezeka kila wiki. Wiki mbili bila kuongezeka, hata kama anakula, ni habari ambayo daktari ataitaka. Daftari hilo lina thamani kuliko maelezo yote utakayompa kwa mdomo.

Niseme jambo kwa wasomaji walioko nyumbani, kwa kuwa najua mtaona rahisi. Huyu wa Leicester alizaliwa kizimbani. Kinyonga unayemwona kwenye ua wako Muheza au Kitale ni wa porini, na sheria za Tanzania na Kenya haziruhusu kumfuga bila kibali. Akitolewa porini anakuja na minyoo na hofu, na wengi wao hufa. Ukimpenda, usikate ua huo, na usipulizie dawa ya wadudu.

Mwisho mama, mwangalie miguu ya nyuma. Dume wa Yemen huzaliwa na kijinundu kidogo nyuma ya kisigino, kama kucha ya jogoo. Jike hana. Nauliza kwa sababu kulisha sana, ambako sasa ni haki yake, kutabadilika. Dume utampunguzia taratibu baada ya miezi sita, mpaka akifika mwaka anakula siku moja na kupumzika siku moja. Jike lazima aanze kupunguziwa mapema zaidi, karibu na mwezi wa tano, na joto la tawi lishuke kidogo pia, kwa sababu jike aliyenona hutaga mayai hata bila dume, makumi kwa mkupuo, na mengine humkwama akafa nayo. Atahitaji pia ndoo ya mchanga wenye unyevu, yenye kina cha sentimita 30, ya kuchimbia. Kwa hiyo nitumie picha mbili: moja ya kisigino, na nyingine ya mikono ya mbele akiwa ameshika tawi, tuone kama imenyooka.